Kisima kilichoingia mafuta kisafishwe, kufuli pekee haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze wasomaji wenzangu, na hasa waliokabidhiwa dhamana ya maji na mafuta katika visiwa vyetu, jambo ambalo naona linapuuzwa kwa sababu linatokea chini ya ardhi: petroli na dizeli zinazovuja kutoka matangini na kuingia katika maji tunayokunywa. Kazi yangu kwa sehemu kubwa ya maisha imekuwa kuchimba na kutengeneza visima hapa Unguja. Ninachotaka kusema ni kwamba kisima kikishaingia mafuta, kukipiga kufuli na kuwaambia watu wakateke kwengine hakujasafisha chochote. Mafuta yanabaki pale pale yalipo au, kwa jiwe letu lilivyo, yanaendelea na safari yake kuelekea kisima cha pili.

Unguja haina mto mkubwa wala ziwa la kutegemea. Mvua za masika na za vuli hupenya udongo na jiwe la matumbawe, zikakusanyika chini na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyoingia chini ya kisiwa kutoka pande zote, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi ya Bububu. Leo sensa ya 2022 imehesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na bado tunategemea maji yale yale ya chini: chemchemi, mapango, visima vya Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), na visima vingi vya majumbani, misikitini, skulini na mahotelini ambavyo wenyewe wamejichimbia.

Jiwe hili halizuii kitu. Ukivunja kipande utaona matundu yameungana ndani yake mfano wa mkate wa kumimina. Zaidi ya matundu hayo kuna nyufa, na zaidi ya nyufa kuna mapango, kama lile la Mangapwani ambalo watu huteremka na kuyakuta maji matamu yametulia chini. Katika mchanga au udongo wa mfinyanzi, maji hutembea polepole sana, pengine mita chache au makumi ya mita kwa mwaka. Katika jiwe lenye nyufa na mapango, maji yakipata njia yanaweza kwenda mbali kwa siku chache tu, na yasipite kabisa katika kisima kilicho jirani huku yakitokeza katika kisima cha mtaa wa pili. Mchimbaji yeyote wa visima wa hapa kwetu ameona visima viwili vilivyo karibu, kimoja kinajaa baada ya mvua moja na chengine hakitikisiki. Naomba wasomaji walishike hili, kwa sababu ndilo linalotofautisha hali yetu na yale yanayoandikwa katika vitabu vingi vya kusafisha maji, ambavyo vimetungwa kwa ajili ya nchi zenye mchanga.

Sasa petroli ikivuja inafanya nini? Huteremka kwenye jiwe ikiacha sehemu yake imeng'ang'ania njiani, na inapofika kwenye maji huelea juu, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Wengi huishia hapo na kudhani kwamba maji yaliyo chini yako salama. Lakini petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, yaani kemikali zilizoundwa kwa kaboni na hidrojeni, na baadhi yake huyeyuka majini: benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni. Inayoogopwa zaidi ni benzeni, kwa kuwa imethibitishwa kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za benzeni kwa lita. Tufanye hesabu ndogo. Lita 1 ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, na ikiwa asilimia 1 ya uzito huo ni benzeni, tunazungumzia gramu 7 na kidogo. Kiasi hicho, kikiyeyuka chote, kinatosha kufikisha maji zaidi ya lita laki saba kwenye kikomo cha shirika hilo. Lita moja tu, kiasi ambacho vijana wa bodaboda hununua katika chupa ya maji barabarani.

Nitaeleza tukio moja ninalolijua mwenyewe. Katika shehia moja ya Mkoa wa Mjini Magharibi niliitwa kutazama kisima cha kuchimbwa kwa mkono, ambacho familia kadhaa zilikuwa zikikitumia tangu zamani. Mama mwenye nyumba alilalamika kwamba chai inanuka, na kwamba wali ukipoa unabaki na harufu ya jenereta. Tulipofunua mfuniko, harufu ilitupanda puani kabla hatujainama. Ndoo ya kwanza ilikuja na utando wa rangi rangi juu yake. Hapo pana jambo ambalo kila mtumiaji wa kisima anafaa kulijua, kwa sababu utando wa namna hiyo si lazima uwe mafuta. Bakteria wa chuma nao hutengeneza utando unaong'ara. Nilichukua ujukuti wa mnazi nikaupitisha katikati ya utando. Ule wa bakteria hupasuka vipande vipande na vipande vikabaki vimeachana. Huu ulijifunga mara tu nilipoutoa ujukuti, rangi zikazunguka na kuungana tena. Yalikuwa mafuta. Upande wa juu wa mtaa, si mbali, palikuwa na kituo cha kuuzia mafuta, ambacho sitakitaja jina kwa sababu jambo hili halikufikishwa kwenye vipimo vya kumaliza ubishi.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Kisima kilifunikwa kwa zege jembamba na kufuli, wananchi wakaambiwa wanunue maji ya mkokoteni mpaka watakapounganishiwa bomba, na biashara ya mafuta ikaendelea kama kawaida. Tangi halikufukuliwa wala halikupimwa. Hakuna aliyechukua sampuli ya udongo. Mwaka uliofuata harufu ile ile ikasikika katika kisima cha ng'ambo ya barabara, upande ambao ardhi inainamia kuelekea baharini. Mwenye kisima hicho alikuwa ameambiwa awali kwamba yeye hana haja ya kuwa na wasiwasi, maana kisima kibovu kimeshafungwa.

Watu waliofikwa na jambo hili hujitahidi kwa namna wanazozijua, na naomba niseme wazi kwamba mbili kati ya hizo hazisaidii. Tumezoeshwa na maradhi ya kipindupindu kuchemsha maji na kutia dawa ya klorini, na kwa vijidudu hayo ni mafundisho sahihi kabisa ambayo yasiachwe. Klorini, hata hivyo, haiondoi petroli. Kuchemsha nako kunairusha benzeni kutoka majini na kuitia hewani, yaani ndani ya jiko ambamo mama na watoto wanavuta pumzi. Kwa hiyo maji yanayonuka mafuta yasinywewe, yasipikiwe na yasichemshwe ndani. Na kukosekana kwa harufu si cheti cha usalama. Benzeni peke yake haianzi kusikika harufu katika maji mpaka ifikie takriban miligramu 10 kwa lita, ambayo ni mara 1,000 ya kikomo nilichokitaja. Kisima cha karibu na kilichoharibika kinaweza kuwa kimeshaingiliwa na wenyewe wakaendelea kukisifu kwa utamu wake.

Kinachoweza kusema kweli ni maabara, na hata maabara inahitaji kuletewa sampuli kwa namna inayotakiwa. Kipimo cha kawaida cha kisima, kile cha chumvi, uchachu na vijidudu, hakioni petroli hata kidogo. Vinahitajika vipimo vya mashine inayotenganisha gesi moja moja, na sampuli iwekwe katika kichupa cha kioo kilichojazwa mpaka pomoni bila kiputo cha hewa, kifungwe kwa kizibo kisichopitisha mvuke, kiwekwe kwenye barafu na kifikishwe haraka. Nimeona watu wa nia njema wakibeba maji hayo katika chupa ya plastiki iliyojaa nusu, juani, juu ya pikipiki. Maji ya namna hiyo yakifika maabara huonekana safi, kwa sababu kilichokuwa kikitafutwa kimesharuka njiani, na majibu yale ya "safi" hutumiwa baadaye kuwanyamazisha wanaolalamika.

Matangi hatari si ya vituo vya mafuta peke yake, ingawa hayo ndiyo yaliyofukiwa ardhini na ndiyo yasiyoonekana yakioza. Wengi tunakumbuka kiza cha Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme unaopita chini ya bahari ulipoharibika. Kila aliyekuwa na uwezo alinunua jenereta, mahoteli yakaweka matangi ya dizeli, na sidhani kama kuna aliyepita baadaye kuhesabu matangi yale yako wapi na yana hali gani. Pemba, kabla ya kuunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa baharini mwaka 2010, ilikuwa ikiendeshwa na mashine za dizeli za Wesha. Ongeza magereji yanayomwaga oili chafu kwenye shimo nyuma ya uzio. Oili hiyo haiyeyuki kwa wepesi wa petroli, lakini nayo haifai kuwa jirani ya kisima.

Nije kwenye kusafisha kwenyewe, maana watu wakisikia maji ya chini yameingia mafuta hukata tamaa wakidhani hakuna linalowezekana. Linawezekana, ila kwa utaratibu. Kwanza kabisa ni kukizuia chanzo: tangi linalovuja litolewe mafuta siku hiyo hiyo, lifukuliwe, na udongo uliolowa uchimbwe na kuondolewa. Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayokwepwa kuliko zote kwa kuwa inasimamisha biashara. Udongo uliochimbwa usitupwe bondeni. Hutandazwa juu ya turubai zito, ukafunikwa mvua isiuoshe, ukageuzwa mara kwa mara na kutiwa mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, na bakteria wanaoishi udongoni wenyewe huyala mafuta. Joto letu ni msaada katika kazi hiyo, kwa sababu bakteria hao hufanya kazi haraka zaidi katika ardhi ya joto kuliko katika nchi za baridi.

Hatua ya pili ni kuyavuta mafuta yanayoelea juu ya maji, kwa pampu maalumu inayokusanya tabaka la juu tu kutoka katika visima vilivyochimbwa kwa kazi hiyo. Mvuke uliobaki katika matundu ya jiwe juu ya maji unaweza kufyonzwa kwa mashine ya hewa na kuchujwa, na hili ni muhimu pia kwa usalama wa nyumba, kwa sababu mvuke wa petroli hupanda kupitia nyufa na kuingia vyumbani.

Baada ya hapo yanabaki yaliyoyeyuka majini, na hapa ndipo mafundi wa kigeni wanaweza kutukosesha iwapo watakuja na mpango uliotungwa kwa ardhi nyengine. Njia iliyozoeleka duniani ni kuyavuta maji machafu kwa pampu, kuyapitisha katika mkaa amilifu unaonasa haidrokaboni, kisha kuyarudisha. Mkaa huo hutengenezwa kwa mvuke na moto mkali mno, hauna uhusiano na mkaa wa kupikia, na mwingi wa ulio bora unatokana na vifuu vya nazi. Nchi kama Sri Lanka, India na Ufilipino zinauuza duniani kote, na sioni kwa nini kisiwa chenye minazi kama chetu kisifikirie biashara hiyo. Lakini pampu yenyewe ina hatari yake kwetu. Kanuni inayotumika kwa visiwa ni kwamba maji matamu yakishuka nusu mita, mpaka wa chumvi ulio chini yake, ukiachiwa muda wa kutosha, hupanda takriban mita 20. Ukivuta kwa pupa ili uondoe petroli upesi, utakiacha kisima hakina petroli lakini kimejaa chumvi, na chumvi hiyo haitoki kirahisi. Kwa hiyo kwetu kuvuta kuwe kwa polepole, katika visima vingi vidogo badala ya kimoja kikubwa, na kila kisima kipimwe chumvi wakati wote wa kazi.

Njia nyengine ni kupuliza hewa ndani ya maji kutoka chini. Hewa hufukuza benzeni na pia huwapa bakteria oksijeni. Gramu 1 ya benzeni inahitaji takriban gramu 3 za oksijeni ili iliwe yote ikawa maji na kaboni dioksidi, ilhali lita 1 ya maji yenye nyuzi 25 za joto haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni iliyotoka hewani. Maana yake ni kwamba oksijeni yote iliyomo katika lita hiyo inamaliza benzeni chini ya miligramu 3, na maji yaliyogusana na petroli yanaweza kubeba makumi ya miligramu. Bakteria wanakuwapo na njaa wanayo, kinachowapungukia ni pumzi. Ndiyo sababu kusema "tuache, asili itasafisha" bila kupima ni maneno ya hatari.

Sikatai kwamba asili husafisha. Nchini Marekani, mahali panapoitwa Bemidji katika jimbo la Minnesota, bomba la mafuta ghafi lilipasuka tarehe 20 Agosti 1979 likamwaga takriban lita milioni 1.7. Baada ya kazi yote ya kuyakusanya, lita zipatazo 400,000 zilibaki ardhini, na wanasayansi wa serikali wamekuwa wakiyafuatilia tangu 1983. Wamethibitisha kwamba bakteria wanayala na wanayazuia yasiende mbali. Vile vile wamethibitisha kwamba baada ya miongo minne mafuta bado yapo. Na pale ni mchanga. Katika jiwe letu, mafuta yaliyoyeyuka yanaweza kukimbia ndani ya ufa kabla bakteria hawajapata nafasi ya kuyashughulikia, kwa hiyo kuyategemea maumbile peke yake ni kuwabebesha watu wa chini ya mteremko hatari wasiyoiridhia.

Kwa ndugu zetu wa Afrika, mfano ni Ogoniland, eneo la uchimbaji wa mafuta nchini Nigeria. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitoa ripoti yake mwaka 2011, na katika kijiji cha Nisisioken Ogale lilikuta watu wakinywa maji ya visima yenye benzeni zaidi ya mara 900 ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani, huku tabaka la mafuta la sentimita 8 likielea juu ya maji ya chini. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba kulirudisha eneo lote katika hali yake kutachukua kati ya miaka 25 na 30. Hapo ndipo uvujaji unapofikia ukiachwa.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na sisi kwa maumbile ni Oahu, kisiwa cha Hawaii chenye jiji la Honolulu, ambacho nacho hunywa maji ya chini ya ardhi. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa na matangi 20 makubwa mno katika kilima cha Red Hill, yaliyojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mita 30 hivi juu ya maji ya kunywa. Kwa miaka wananchi na mamlaka ya maji ya jiji walionya. Novemba 2021 mafuta ya ndege yaliingia katika kisima cha jeshi hilo, na mtandao ulioathirika ulikuwa ukihudumia watu wapatao 93,000. Mwezi uliofuata mamlaka ya maji ya Honolulu ilikifunga kisima chake kikubwa cha Halawa kwa tahadhari, ili kukivuta kusije kukayaita mafuta upande wake, na Machi 2022 ukatolewa uamuzi wa kuifunga bohari yote. Ikiwa taifa lenye fedha na mitambo kiasi kile limeona heri kuyafunga matangi kuliko kuhangaika na maji yaliyoharibika, basi sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kufikiri kabla. Nasema hivi nikijua kwamba Mtoni pana bohari za mafuta na pana chemchemi, na kwamba Mangapwani, penye pango lile nililolitaja, pamekusudiwa bandari ya mafuta na gesi. Siipingi bandari hiyo. Nchi inahitaji mafuta. Ninachoomba ni kwamba ramani ya nyufa na njia za maji ya chini itangulie matangi, kwa kutumia hata ile njia nyepesi ya kutia rangi isiyo na madhara katika shimo moja na kungoja itokeze wapi.

Najua wenye vituo watasema gharama ni kubwa. Kufukua tangi na kusafisha ni gharama kubwa kweli. Kugundua mapema ni rahisi. Tangi linalodondosha tone moja kwa kila sekunde hupoteza takriban lita 4 kwa siku, na kwa mwaka ni zaidi ya lita 1,500. Hiyo ni fedha ya mwenye kituo inayozama ardhini. Ufimbo wa kupimia kina cha tangi upo katika kila kituo. Tangi likipimwa kila asubuhi kabla ya kufungua, na kipimo kikalinganishwa na mafuta yaliyoingizwa na yaliyouzwa jana yake, upungufu unaojirudia utajitokeza katika daftari mapema, mara nyingi kabla mama yeyote hajasikia harufu katika chai yake. Pamoja na daftari hilo, kila kituo kinaweza kuchimba visima vitatu vyembamba vya uchunguzi kuzunguka matangi, vyenye mifuniko na kufuli, ambavyo mkaguzi atavifungua, atateremsha chombo na kuona kama pana mafuta juu ya maji. Nasema vitatu kwa sababu kwa viwili huwezi kujua maji yanaelekea wapi, na nakiri kwamba katika jiwe la nyufa hata vitatu havitoi uhakika wote, kwa hiyo visima vya wananchi vilivyo jirani navyo viingizwe katika orodha ya kupimwa. Kwa matangi mapya, yawe ya kuta mbili, na nafasi iliyo kati ya kuta hizo iwekewe kengele. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma, jambo ambalo kila mwenye paa la mabati karibu na pwani anaweza kulithibitisha.

Kuhusu nani alipe, naona haki iko wazi: aliyemiliki tangi lililovuja agharamie kusafisha, na pia agharamie maji ya watu waliofungiwa kisima mpaka vipimo vitakaporudi salama. Ili isiwe kukimbizana mahakamani na mtu aliyekwishafilisika au kuuza kituo, dhamana ya fedha ichukuliwe kabla ya leseni kutolewa.

Vyombo vya kulisimamia hili tunavyo. Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA) ipo chini ya sheria ya mwaka 2015, ZAWA ina jukumu la maji, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara. Juu ya hao tuna Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar (ZURA), ambayo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013 inadhibiti huduma za maji na nishati kwa pamoja. Ni nafasi ambayo nchi nyingi hazina, kwa sababu kwengine anayesimamia petroli na anayesimamia maji hukutana tu pale yanapotokea maafa. Kila mwezi ZURA hututangazia bei za mafuta, na taarifa hiyo husomwa redioni na kuchapishwa magazetini, likiwamo lako. Naomba katika tangazo hilo hilo iongezwe orodha fupi: vituo ambavyo matangi yake yamekaguliwa mwezi huo, visima vya uchunguzi vilivyopimwa, kiasi cha benzeni kilichoonekana katika kila kimoja kwa mikrogramu kwa lita, na pahala palipokutwa uvujaji, jina la shehia pamoja na tarehe ambayo kusafisha kutaanza. Iwapo kuna visima vilivyokwishafungwa kwa sababu ya mafuta, Unguja na Pemba, vitangulizwe katika orodha hiyo, na wakaazi wa shehia husika wapewe majibu ya vipimo kwa maandishi kupitia kwa masheha wao.

Wako,
Mchimba visima,
Wilaya ya Magharibi "B", Unguja.